Mtafsiri wa Sinema Amehamia Kawale

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Agosti 2001

Mama Josué mpenzi,

Huku tuko salama, watoto wanakula ugali wa nsima bila kulalamika. Habari kubwa ni kwamba ile sinema yetu ya kuta za matope imegeuka kanisa. Mabenchi njo yale yale, na kwaya inasimama pale televisheni ilikuwa.

Siku ya filme ya mwisho, mi njo nilitafsiri kwa sauti, mahali pa Gakiza aliyehama. Jambazi alipigwa risasi, nami nikawa bado natafsiri anavyoomba maji. Mama Irankunda akapiga kelele: "Baba Josué, huyo amekufa, mwache apumzike!" Watu walicheka, lakini si vile ulikuwa unacheka na Gakiza, mpaka machozi.

Jirani yetu Fidès amerudi kutoka huko kwako Lilongwe. Anasema Gakiza sasa anatafsiri huko Kawale, karibu na cherehani yako, na wewe hukosi filme zake za Jumamosi. Sikuulizi kitu. Ila tangu tukimbie Uvira, mi sijakuchekesha hivyo hata mara moja, na hilo njo linaniuma.

Jumamosi nakuja. Uniwekee nafasi kwenye benchi. Ukicheka, nitakuangalia wewe. Filme nitamwachia Gakiza.

Wako asiyejua kutafsiri,
Baba Josué