Dakika Nne za Cucu

Jumanne, 29 Julai 2025

Nimepoteza dakika nne za Cucu, bibi yangu, leo asubuhi, kabla ya chai. Nilitoa rekodi ya simulizi yake, dakika kumi na moja, itumike kufundishia. Imerudi na saba!

"Tumekusafishia," akasema Beverly, mkuu wa kozi hii ya walimu, kama mtu aliyenifulia shati.

Wamesafisha nini? Jogoo. Kikohozi. Na ukimya wote baada ya Cucu kusema, "Halafu wakatutia kijiji." Alinyamaza kabisa pale. Unasikia pumzi tu, kama amebeba kuni. Sasa anaruka kutoka "kijiji" hadi kumenya viazi. Slaidi wameiita "Utoto wa Kijijini". Na picha ya mbuzi!

Tulimzika Februari. Alikubali kusema Kiswahili ili wanangu waelewe — wao ambao hunijibu Kiingereza.

Jumatano, 30 Julai 2025

Nimemweleza Beverly polepole, kama darasa la watoto. Kijiji cha Cucu si cha kuku. Ni cha serikali ya mkoloni, wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya hamsini. Nyumba zilichomwa, watu wakasukumwa ndani ya boma la handaki na miba, askari langoni. Hata kwa Kikuyu tulichukua neno hilohilo la Kiswahili. La kwetu lilikuwa la nyumbani, halikufaa.

Akaitikia kwa kichwa. Hata Waingereza wenyeji wa mtaa huu wa Moseley, akasema, hupaita kijiji. Eti neno tamu.

Nikauliza kadi yangu ya kumbukumbu, ile niliyowapa na rekodi, iko wapi. Simu niliyorekodia ilikufa zamani, kadi ndiyo ilibaki. Rupesh, fundi wao wa mitambo, akatazama viatu. Kadi imefutwa, imetumika tena. Ila huenda rekodi nzima iko kwenye kompyuta ya ofisi.

Huenda!

Nimesusia chakula cha jioni kwa hasira. Marlène, tunayelala naye chumba kimoja — wa Bukavu, anafundisha Winson Green — ameniwekea mkate. "Dada, kula kwanza, njo upigane. Vita ya njaa tunaijua sie."

Alhamisi, 31 Julai 2025

Kesho walimu arobaini wanaondoka na rekodi hii. Kila mmoja na darasa la thelathini. Watoto elfu moja na mia mbili watajua Cucu alikulia na mbuzi.

Beverly ananikwepa. Mara yuko kikaoni, mara "tutalizungumza kwa pamoja". Miaka sita nilitunza wazee Shard End nikisomea ualimu. Najua mtu anayekimbia swali anavyotembea.

Nimemkuta ngazini baada ya chakula cha mchana. Akanishika mkono. Pole sana, anaelewa uchungu wangu, hii ni safari ya kujifunza kwetu sote —

Nikauchomoa mkono wangu. Beverly, sitaki pole. Rekodi nzima ipo, au mmeifuta? Nataka neno moja, kesho saa tatu asubuhi, kabla hamjafungua ukumbi.

"Unajua," akaanza —

Sijui! Ipo au haipo?