Homa ya Ningning na Majani ya Nanay

Sitio Kawayanan,
San Remigio, Antique.
19 Agosti 2019.

Mpendwa Manang Delfina,

Pokea salamu zangu wifi yangu, na za mdogo wako Crisanto. Natumaini kile kikohozi kimekuacha, na mvua za huko Manila hazijaingia ndani kwenu. Sisi ni wazima sasa. Nimeandika "sasa" kwa sababu wiki tatu zilizopita hatukuwa. Nisamehe mwandiko, mtoto ananyonya na naandika kwa mkono mmoja.

Ningning alishikwa na homa ya dengi. Crisanto alikupigia simu kwamba binti yetu ameugua na amepona, basi. Hakukwambia yote, maana yanamgusa mama yenu, Nanay.

Homa ilianza Jumapili. Kesho yake nilimpeleka zahanati, akatolewa damu, nikaambiwa nimrudishe Alhamisi apimwe tena, hata akionekana mzima. Nanay akaenda nyuma ya banda la nguruwe akachuma tawa-tawa, lile gugu mnalolichunguza kazini kwenu, akakata mizizi, akachemsha, akawa anamnywesha glasi kila saa. Sikumkatalia. Hata mimi nimelelewa kwa maji hayo. Na wewe siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu ulitueleza mezani kwamba huko maabara, utomvu wake ulizuia virusi kwenye vibakuli vya kioo. Nanay alilishika neno lako kama sala.

Alhamisi asubuhi homa ikashuka. Mtoto akaomba uji wa mchele wenye tangawizi. Nanay akawasha mshumaa, akawagawia majirani mafungu ya majani. Nilipochukua kadi ya zahanati, akauliza namchomea nini sindano mtoto aliyepona. Nikamwambia tumeagizwa.

"Wewe una cheti cha sekondari, Perlita," akasema. "Mwenzio anavaa koti jeupe, na ndiye aliyesema gugu hili linaua virusi."

Nilicheka kwa uchovu, nikairudisha kadi rafuni, nikajilaza na mdogo wake Ningning. Kosa hilo ni langu, simwachii Nanay.

Saa nane mchana nikamkuta Ningning amejikunja, ameshika tumbo, mikono na miguu ya baridi kama samaki wa sokoni, fizi zinatoa damu. Tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki ya jirani. Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Dengi, homa ikishuka ndipo mnaanza kumwangalia mtoto. Si ndipo mnaacha." Chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimebaki chache mno. Siku tano alikuwa kwenye dripu, na siku tano sikumwona Nanay akimeza zaidi ya kahawa.

Amerudi, anakula, anafukuza kuku. Lakini mtaani wanasema ni majani yaliyomponya, na Nanay hawapingi. Juzi Bebang wa jirani alikuja kuchukua fungu, mwanawe yuko siku ya tatu ya homa. Nilimshika mkono mpaka zahanati. Siwezi kuwashika wote.

Manang, kazi yako siidharau. Huenda siku moja ikatoka dawa ya kweli kwenye gugu hilo, na nitakuwa wa kwanza kushukuru. Ila naomba umwandikie Nanay wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwa kuwa mimi hanisikii. Mwandikie mnachokijua na msichokijua bado. Kibakuli si mtoto, mwambie hivyo. Maji yake achemshe, lakini siku ya kupima damu ni ya kupima damu. Usimlaumu, amezeeka sana mwezi huu.

Baba yenu Tatay anakusalimu, na Ningning anauliza kama utamletea kalamu za rangi. Mungu akulinde huko uliko na aibariki mikono yako.

Humu kwenye bahasha nimeweka kitawi kutoka shina lile lile la nyuma ya banda. Kiulize huko kwenye vioo vyenu. Jibu lake nitalingoja hata miaka kumi. Homa ikirudi hapa, sitangoja hata saa.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda siku zote,
Perlita