Marudio Tuliyokubaliana Kuyaruka

Jumatatu, 4 Machi

Mazoezi ya sisi watatu nyumbani kwa Gwenda: yeye na selo, lile fidla kubwa la magotini, Clement na fidla, mimi na piano. Alhamisi tunapiga kanisani, saa saba mchana, na kabla ya saa nane lazima tuwe tumemaliza – watu wa maofisini wanarudi kazini. Kwa hiyo tumekubaliana: sehemu ya kwanza, iliyoandikwa ipigwe mara mbili, haturudii, tunaendelea mbele moja kwa moja. Clement kaandika kwa penseli kwenye nota zake. Mimi sikuandika. Umri wote huu kwenye piano, niandike nini!

Masikio ya Clement yamekwisha. Sauti ya fidla inampanda juu kuliko yetu, mwenyewe hana habari. Nikamwambia Gwenda jikoni: baada ya Alhamisi tumwambie apumzike, tutafute mpiga fidla mwingine. Gwenda akawa anasugua kikombe kile kile. Eti tungoje kwanza.

Tungoje nini?

Jumatano, 6 Machi

Sijalala vizuri. Namwonea huruma Clement, kweli. Mjane yule, hana kingine. Lakini watatu tukipiga, mmoja akiharibu tumeharibu wote.

Alhamisi, 7 Machi

Kanisa baridi, kama kawaida. Watu na makoti yao, mikate yao ya jibini mapajani. Tukipiga taratibu wanaacha kutafuna. Tukipiga kwa nguvu, ndipo wanafungua pakiti za krispi za viazi. Wastaarabu!

Tulianza vizuri. Nikafika mwisho wa sehemu ya kwanza – nikarudi mwanzo! Gwenda na selo yake kaenda mbele, mimi huku nyuma. Kelele gani zile, Mungu wangu. Clement ndiye aliyetuokoa: kanifuata papo hapo, kamvuta Gwenda kwa macho. Waliosikiliza hawakujua. Ila tulichelewa, wengine wakatoka kwa kunyata kabla ya mwisho.

Clement akanitania huku akifuta fidla: "Leo umetupa nyongeza, mama!" Nikacheka. Gwenda hakucheka. Akasema hata tulipopiga Novemba nilifanya hivyo hivyo.

Novemba! Siku zote nilijua Novemba aliyepotea ni Clement.

Ijumaa, 8 Machi

Gwenda kapiga simu baada ya chakula. Niende kwake saa kumi, Clement atakuwepo. Nikasema vizuri, basi leo tunamwambia, nitaanza mimi, kwa upole. Akasema: "Rosalind, mpenzi, Clement yuko hapa tangu asubuhi."

Si mjinga mimi. Nimeelewa: wa kuambiwa apumzike ni mimi. Wamekaa wawili wananizunguka – mimi! Nina hasira. Nina uchungu pia, afadhali niandike.

Nimekaa kwenye piano, nikapiga ile sehemu ya kwanza peke yangu. Nimefika pale pale. Nakumbuka kabisa, tunaendelea mbele. Mikono imerudi mwanzo.

Nimejaribu tena. Imerudi.

Saa kumi imepita. Gari la Clement liko nje. Anagonga, ananiita jina langu kwa upole, upole mno, na mimi bado sijavaa viatu.