Mtani, Umelala Hujachekwa

Mtani wangu Mama Kalunde,

Shikamoo sikupi, hata baada ya kufa. Mzaramo hamwamkii Mnyamwezi, hilo unalijua. Ila nakuuliza tu, huko uliko umepata jirani wa kukuchokoza, au wamekuweka na watu wapole wapole? Naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Darasa langu la pili unalijua, herufi zinapanda mlima, utasoma hivyo hivyo.

Kwanza habari za huku, maana najua unazitaka. Temeke ipo. Mama Siwema karudiwa na mumewe, yule yule, kaja na godoro kichwani kama aliyetoka sokoni. Mahindi yako ya uani yamebeba. Kuku wangu wamekula ya pembeni, nimewatupia mawe, lakini kuku ni kuku. Anayepika sasa ni Kalunde. Juzi maharage yakaungua, mtaa mzima unanuka, na hakuna aliyesema neno. Zamani yakiungua kwako ningeyaimba mpaka Keko wasikie. Juzi nilinyamaza.

Siku hizi nanyamaza, mtani. Naenda bombani na ndoo yangu, narudi. Watu wananiuliza kama meno yananiuma.

Unakumbuka tulivyokwenda kuokota kuni msitu wa Pugu, Kalunde ana jino moja? Ulifukua majani makavu, kakatoka kanyoka keusi, kembamba kama kidole, kanang'aa kama kamepakwa mafuta. Wala hakakuwa na habari na wewe, kalikuwa kanatafuta pa kujificha tena. Wewe ukatupa mzigo, mbio mpaka barabarani, kanga moja imebaki kwenye mwiba. Mie nilikaa chini kwa kucheka. Watu wa kwenu wanacheza ngoma na chatu shingoni, halafu wewe unakimbia mnyoo!

Basi nikapata mtaji. Hakuna harusi ambayo sikukuigiza. Mbio zako, kanga yako, yowe lako la Kinyamwezi. Na wewe ndiye uliyekuwa unacheka kuliko wote, unasema, "Ongeza hapo, mtani, yowe lilikuwa kubwa zaidi." Na mie nawaambia watu kanyoka kale hakaumi, sie wenyeji tunakajua, kanakaa chini ya majani tu, hata mtoto anakavaa kidoleni kama pete. Nani alinifundisha? Hakuna. Nilisema kwa sababu hadithi ilinoga.

Siku ile mvua kubwa imekatika, tunashusha kuni uani kwako, kakadondoka kanyoka kama kale kutoka kwenye gogo bovu. Wanawake wote wakakutazama wewe. Nami mdomo wangu huu ukasema, "Kimbia, mtani, treni ya Tabora haijaondoka."

Hukukimbia. Ulijifunga kanga kiunoni, ukainama, ukakashika nyuma ya kichwa, barabara kabisa, kama wanavyoshika watu wa ngoma kwenu. Ukakainua juu. Ukasema, "Leo Mzaramo atatafuta hadithi nyingine." Tulipiga vigelegele, na mie nilipiga kuliko wote. Nilifurahi kweli, mtani. Usije ukadhani nilikuwa na kijicho.

Kakageuza shingo kidogo tu. Hata hatukukaona kakifungua mdomo. Ukakatupa, ukasema kamekufinya. Mie nikakwambia, "Mnyoo hauna meno. Nyonya kidole ukapike."

Baadaye nimekuja kusikia kwa wakata kuni wa Pugu kwamba wapo wa aina mbili, wanafanana kama mapacha. Mmoja ndiye huyo wa kuvaliwa kama pete. Mwingine hashikiki, hata ukimshika shingoni, maana jino lake linatokea pembeni na mdomo kaufunga. Watoto wa kule wanajua. Mie mwenyeji sikujua.

Ujinga huo ningejisamehe, pengine. Kinachonila ni pale nilipokwenda. Wewe uliingia jikoni, mie nikavaa buibui nikatoka kwenda kusimulia. Nilianza kwa Mama Siwema, nikavuka mpaka Keko, nikakaribishwa chai, nikanywa. Kila nyumba nakaongeza urefu. Baba Kalunde yuko zamu stesheni, Kalunde yuko skuli, na mie wa ukuta kwa ukuta sipo. Kalunde aliporudi alikukuta unagonga ukuta wangu kwa mwiko. Mkono umevimba mpaka begani, na bado unagonga. Unaita mtani. Na mtani yuko Keko, kainua mkono juu, anaonyesha ulivyokashika.

Hospitali walifanya walichoweza. Kuchelewa ni kwangu.

Halafu msiba. Unajua nilivyokuwa najitapa kwamba siku ukifa nitakucheka mpaka maiti ageuke. Watu walikuwa wananingoja. Ndugu zako wametoka Tabora, wamekaa kwenye mikeka, wanataka mtani aje awapunguzie uzito. Wanawake wakaninyakulia gauni lako la maua mekundu kwenye kamba, nivae, niige mwendo wako. Nikapitisha kichwa, nikapitisha mkono wa kushoto. Wa kulia nikakuta umechanwa kwa wembe mpaka kwapani. Ndilo walilokuvua siku ile, mkono haukutoka. Waliolileta hawakujua. Nikakaa chini na gauni shingoni, nikalia. Si kilio cha kuigiza, mtani, kilio chenyewe, kama mfiwa. Ndugu zako wakatazamana. Ukazikwa hivyo.

Nimemwambia kila mtu kwamba nimekuua mie. Hakuna anayetaka kusikia. Wote wananijibu neno moja tu. Hata Baba Kalunde alikuja juzi asubuhi, akasimama mlangoni, kiti akakataa. Alisema ndugu zako wanaondoka matanga yakianuliwa, na wanaona aibu kurudi kwao kusema watani wa Dar es Salaam waliwanyima. Akasema, "Shemeji, mke wangu amelala hajachekwa. Nani atamcheka kama si wewe?" Nikamjibu hakunielewa, mie ndiye niliyekuchokoza ukakashika, mie ndiye niliyekuwa sipo ulipogonga. Akasema, "Mtani hana kosa," akaenda zake. Bora angenitukana. Angenitukana ningelala.

Kesho tunaanua. Nimekaa na Mama Siwema tumepanga. Yeye atakuwa wewe, maana ana mwendo wako wa bata. Atainama, atashika, atainua, atasema maneno yako vile vile. Mie nitakuwa nyoka. Ndiyo, kwa unene huu. Nitatambaa mchangani mbele ya ndugu zako wote, nitaingia chini ya kuni, nitatoka, nitauma. Halafu nyoka atasimama, avae buibui, aende Keko akanywe chai. Na Mama Siwema atagonga. Tumekubaliana asiache kugonga mpaka nyoka arudi.

Watacheka. Nitafanya juu chini wacheke, na Kalunde nataka acheke kuliko wote, hajacheka tangu siku ile. Wakishacheka ndio watakuwa wameyasikia yote, na mwenye hasira atajua pa kuipeleka. Mtani akisema kwa mchezo hakatizwi.

Nakuahidi hayo, na nakuahidi Kalunde hatagonga ukuta wangu akakosa mtu. Nikitaka kusimulia, watakuja wao kusikiliza kwangu.

Kwaheri, Mnyamwezi wangu. Kesho ukisikia kicheko kinatoka Temeke, ndio mie nakuomba radhi.

Mtani wako,
Mama Zuhura