Saa Inayosema kwa Sauti Yako

3 Machi

Kasuku wangu,

Hujambo huko kazini? Mimi mzima, goti tu linanung'unika. Jicho la kushoto bado linaniachia vivuli. La kulia tulishaagana. Barua hii naisema mimi, simu ndiyo inaandika, kwa hiyo ukikuta neno la ajabu, mlaumu yeye.

Saa yenu inayosema, uliyonitumia, imefika! Nilibonyeza kitufe cha ubavuni nikakusikia wewe: "Saa nane na dakika tano." Uliniambia umetafsiri maneno, hukuniambia kwamba na sauti ni yako. Siku ya kwanza nimebonyeza mpaka jirani yangu fundi cherehani akauliza kama nimepata mgeni.

Kulikuwa na kasoro moja, nimeshaitengeneza. Ilikuwa asubuhi, maji ya chai hayajachemka, nawe unaniambia saa nane. Nikajua imetoka kiwandani na majira ya nchi ya mbali. Unamjua baba yako na vitu vya umeme. Niliirudisha nyuma saa sita, sasa inakwenda sawasawa.

Shangazi yako bado anataka nikaishi kwake, eti asiyeona hawezi kubaki peke yake na visu vya kukatia ngozi. Nimemwambia sasa najua saa ya matone ya jicho, saa ya kufungua kibanda changu cha viatu na saa ya kufunga, bila kumuuliza mtu. Akaaga mapema, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

Redioni wamesema kuna sayari ambayo mwaka wake ni siku kumi na moja. Huko ningekuwa nimepita miaka elfu mbili na bado nashona soli. Halafu kuna simu za kukunjwa. Miaka yote tunalia simu zisipinde mfukoni, leo watu wanapanga foleni kwa ile inayopinda. Haya.

Baba yako


6 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limepoa. Nimecheka barua yako mpaka dada wa mapokezi akaja kuniuliza kuna nini. Hongera kwa ufundi. Hayo majira wakati mwingine huja hovyo kutoka kiwandani.

Sauti nilitaka iwe siri. Nilikaa siku tisa kwenye chumba cha kurekodia nikisema namba tu, kuanzia moja hadi hamsini na tisa. Saa inaingia sokoni tarehe mosi Mei, na siku hiyo hiyo miezi yangu sita ya majaribio inakwisha. Saa ikipendwa, naajiriwa moja kwa moja. Isipopendwa, nitakuja kukusaidia kupaka viatu rangi. Niombee.

Simu ya kukunjwa nimeishika. Ina mkunjo katikati, kama suruali iliyopigwa pasi na mvivu.

Mwanao, Kasuku


19 Machi

Kasuku wangu,

Habari za tangu juzi? Afya yangu njema. Heshima yangu ndiyo mgonjwa.

Jumanne mvua ilifunga, chumba kikawa giza. Nilikula mchana nikajilaza kidogo. Nilipoamka nikabonyeza, ukaniambia: "Saa mbili kamili." Nikasema lo, nimelala mpaka usiku! Nikatia matone ya usiku, nikavaa nguo za kulala, nikafunga mlango kwa komeo. Kumbe ni saa nane mchana. Mwalimu mmoja alikuja kuchukua viatu vyake vya harusi, akagonga weee, mwisho nikamfungulia nikiwa na kaptula ya kulalia, nikimgombeza kwa kuja usiku. Na nyuma yake nani? Shangazi yako, na mwavuli wake. Hakucheka. Amesema mwisho wa Aprili anakuja kunichukua, na vifaa vyangu vya kazi atawapa watu.

Fundi simu wa kona ameniambia saa na simu husemezana zenyewe na kusahihishana, kwa hiyo zile saa sita nilizorudisha, zimerudishwa tena. Hapo ndipo nilipoelewa. Majira hayakuwa ya nchi ya mbali, yalikuwa ya hapa hapa. Mwanangu, namba umezitafsiri. Saa hukuitafsiri.

Sikulaumu. Nakuambia kabla watu wengine hawajafungua milango na kaptula.

Baba yako


20 Machi

Shikamoo Baba,

Pole sana kwa yaliyokukuta. Lakini skrini inaandika 2:00, na sauti inasoma kilichoandikwa. Lugha zote kumi na nne tulizoweka zinafanya hivyo. Watu wanne wamekagua kazi yangu, wote Kiswahili ndicho walichonyonya, na mwisho nikatia sahihi mimi. Sasa niende kwa meneja, wiki sita kabla ya kuingia sokoni, nimwambie baba yangu alivaa nguo za kulala mchana? Watanifukuza siku hiyo hiyo.

Umeniumiza, Baba. Nilidhani wewe ndiye ungefurahi kuliko wote.

Mwanao


21 Machi

Mwanangu,

U mzima? Mimi mzima.

Nilifurahi na bado nafurahi, ndiyo maana sinyamazi. Fanya jambo moja tu. Mfuate mtu yeyote aliyevaa saa, mwombe akuambie ni saa ngapi. Tazama macho yake yanaona nini, kisha sikiliza mdomo wake unasema nini.

Mimi sina macho ya kunisahihishia. Nina wewe tu.

Baba


14 Aprili

Shikamoo Baba yangu,

Hujambo? Goti? Jicho? Nisamehe kwa kimya cha wiki tatu.

Nilifanya ulivyosema, nikiwa nimenuna. Nilianza na mlinzi wa getini. Saa yake ilionyesha 3:00, akasema, "Saa tisa, dada." Wa mapokezi: saa tisa. Wahandisi wawili: saa tisa! Nikatazama ya kwangu, nikajisikia nikisema saa tisa. Baba, tunageuza tangu utotoni wala hatujui kama tunageuza. Wale wakaguzi wanne walipitia orodha kwenye karatasi, mbili ni mbili, nane ni nane. Hakuna aliyefumba macho akabonyeza.

Niliogopa siku tatu. Ya nne nikapiga moyo konde, nikasimama kikaoni nikasema kosa ni langu na sahihi ni yangu. Nikawaomba wafumbe macho, nikabonyeza. "Saa mbili na nusu." Nikauliza, ni wakati gani? Wengine wakasema, "Asubuhi!" wengine, "Usiku!" Wakafumbua macho, jua la mchana limejaa dirishani. Meneja akacheka mpaka akavua miwani.

Nimerudi kurekodi siku nyingine sita, maana sasa 2:00 ya mchana inasomwa saa nane, na tumeongeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Alfajiri niliipigania peke yangu, nikashinda. Meneja aliuliza nani aligundua. Nikasema fundi viatu. Amesema kuanzia sasa hakuna kifaa cha sauti kitakachotoka hapa kabla fundi viatu hajakisikiliza. Kuna mzigo unakuja kwako: saa iliyosahihishwa, mizani inayosema, na redio ambayo hata mimi siielewi.

Na nimeajiriwa, Baba! Barua ninayo mkononi.

Mwanao, Kasuku


10 Mei

Kasuku wangu,

Marahaba, marahaba, na hongera! Mimi mzima kuliko nilivyostahili.

Mizani ni mwongo, imenipunguzia kilo sita. Usiwaambie waitengeneze. Shangazi yako alikuja na mikoba yake miwili kunihamisha. Nikamwambia akae, achague muda wowote, aniulize ni saa ngapi. Aliniuliza kutwa nzima, hata nikiwa bafuni. Jioni akakunja mikoba, akasema nibaki kwangu, na kwamba naye anaitaka saa hiyo.

Jana kampuni yenu imeleta saa kwenye ukumbi wa chama cha wasioona. Tulikuwa watu arobaini. Mwenyekiti akasema, "Ndugu zangu, tuanze. Ni saa ngapi?" Vidole arobaini vikabonyeza, na wewe ukasema kutoka kila kona ya ukumbi: "Saa nne kamili, asubuhi." Mwanangu, watu walipiga makofi, wakapiga meza, mzee mmoja pembeni yangu akalia waziwazi. Amehesabu saa kwa kuuliza watu tangu utotoni. Akafuta uso, akauliza kwa sauti, "Huyu msichana ni wa nani?"

Nikasimama, goti na yote. Nikasema, "Ni wangu. Kuhesabu nilimfundisha mimi, alipokuwa na miaka minne. Kusoma saa nimemfundisha mwaka huu."

Baba yako