Taa ya Zizi Inawaka

Mjukuu wangu Nurzat,

Anayeandika ni Burul wa hema la jirani, mimi nasema tu. Huku malishoni kondoo wamenona. Wewe je, unakula?

Waya wa taa ya zizi ulikatika, mbwa mwitu wakabeba kondoo. Baba yako akatuma neno: “Mama, mikono inakutetemeka. Nakuja na lori kukuteremsha mjini.” Nikaitoa ile pasi ya kulehemu ya betri uliyoniletea. Risasi ya kulehemu ikakataa kushika, nikaupaka waya mafuta ya mkia wa kondoo ili ishike.

“Bibi, utaungua!” Burul akapiga kelele.

“Nikiiva, unile!”

Nikaegemeza kiwiko kwenye tandiko la farasi, mkono ukatulia, waya ukaunga. Taa inawaka.

Mwambie baba yako alete unga, lori aliache. Nitateremka theluji ikiniambia, si yeye.

Bibi yako mkali anayekupenda,
Uulkan