Kwa Mama Yetu Tusekile, Uliyeomba Upasuliwe Mbele ya Watu

Mwaka umetimia, mama, tangu tulipokuzika nyuma ya nyumba hapa Ikombe, na bado wapo wanaozunguka mbali wasipite karibu na kaburi lako.

Ulikuwa mfinyanzi. Kila binti wa kijiji aliyeolewa ulimpa chungu cha kupikia, bure. "Ndaga fijo, mama," walikushukuru, kisha wakakiacha nje kinyeshewe msimu mzima kabla ya kukiingiza jikoni. Ulijua. Ulicheka tu, ukasema, "Mvua ikichoka kukiosha, watapika."

Walikuwa wanaogopa ugonjwa wa kwetu. Ugonjwa huo ulimwua bibi, ukamwua na mjomba Hezekia: mikono hucheza yenyewe, miguu hupepesuka kama ya mlevi, mwisho ulimi nao huwa mzito. Ulipokuanza wewe, vyungu vilitoka vimepinda. Ukaendelea kuvigawa.

Ndipo Nsajigwa, ambaye mwanawe Asajile alikuwa amemchumbia Angetile wetu, akazuia ng'ombe wa mahari. Alikuja akamwambia baba, wewe ukisikia:

"Lazaro, ndugu yangu, uchawi wa nyumba hii unarithiwa. Zamani tungemnywesha mkeo mwafi, ile sumu ya kupimia wachawi, tukajua, lakini Wadachi wamekataza. Kila siku anatulisha. Anatunenepesha kwa ajili ya nani?"

Ukajibu wewe, neno moja moja. "Nikifa, njoo na wazee. Mnipasue, mumtafute huyo chatu. Uangalie kwa macho yako, halafu umwache binti yangu aolewe."

Wazee wetu walifanya hivyo tangu kale: mtu aliyeshukiwa akifa, hupasuliwa ionekane kama chatu wa uchawi amelala tumboni mwake. Lakini sisi tumebatizwa, na mwalimu wa misheni alikataa. Alisema mwili ni wa Mungu.

"Mungu anaujua tayari, mwalimu," ulimwambia. "Hawa ndio hawaujui."

Siku ilipofika, Nsajigwa alikuja na wazee, na mfuko wake wa ngozi wenye visu. Nasi hatukumwamini. Tuliukung'uta mfuko, tukamkunjua na viganja, asije akakutia kitu tumboni kisha akajifanya amekikuta. Hakukasirika. Alikupasua, akainama akaangalia kwa muda mrefu, akainuka amelowa jasho.

"Hamna kitu," alisema. "Ni tumbo la mtu tu."

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, ng'ombe wakaja. Angetile akaolewa, kama ulivyotaka.

Macho ya watu hayajatuacha, mama, ila sasa yametua kwenye mikono. Asajile humtazama mkewe kila anapomimina maji. Juzi Angetile alimwambia, "Tazama tu, mume wangu. Hata mimi naitazama." Asajile akamwondolea mtungi, akamimina mwenyewe.

"Kwani umeona nini?" dada akauliza.

"Sijaona kitu. Nina kiu."

Hatujui kama alisema kweli. Lakini wewe ulitoa kwa watu wasiokuamini, nasi tunajaribu kuishi hivyo nao, na sisi kwa sisi.

Unakumbukwa na mumeo Lazaro, wanao Andrea na Angetile, mkweo Asajile, na Nsajigwa, ambaye ameomba mwenyewe jina lake liwekwe hapa.

Hatutakusahau kamwe, mama.